Vikopo vya Magazeti Havina Hatia: Kwa Nini Miche ya Dirishani Hulala

Swali: Kila majira ya machipuko yanapoanza, mimi na binti yangu wa miaka minane hukaa mezani tukatengeneza vikopo vya magazeti, tukavijaza udongo, tukapanda nyanya, pilipili hoho na saladi na kuvipanga dirishani. Mbegu huota vizuri sana. Lakini baada ya wiki mbili miche inakuwa mirefu, myembamba, ya kijani kilichofifia, halafu asubuhi moja tunaikuta imelala kama iliyokatwa shingo. Magazeti nayo yanaota ukungu mweupe. Mume wangu anasema kosa ni wino wa gazeti. Binti anataka mwaka huu tujaribu maganda ya mayai. Je, tuachane na karatasi?

Jibu: Msiachane nayo, dada. Katika kisa chako chote, karatasi ndiyo pekee iliyofanya kazi yake sawasawa. Ninaloliona ni makosa mawili ambayo mmeyahesabu kuwa moja kwa sababu hutokea wiki ileile na kwenye mche uleule: mwanga mdogo na maji mengi. La kwanza hurefusha mche. La pili ndilo linaloua.

Mwaka huu mche wa kwanza ukilala, usiutupe kwa hasira. Uvute taratibu, uulaze kwenye kiganja, uangalie pale shina linapokutana na udongo. Kama pamesinyaa, pamegeuka kahawia na kuwa pembamba kama uzi uliolowa, huku majani ya juu bado mabichi, hicho ni kinyausi. Kama shina ni jeupejeupe lakini zima toka juu hadi chini, limepinda tu kwa kushindwa kujibeba, hapo hakuna ugonjwa. Mche ulikuwa na njaa ya mwanga. Uliposema "kama iliyokatwa shingo" nilijua kinyausi ndicho kilichomalizia, ila kilikuta miche imeshadhoofika.

Kinyausi huletwa na vimelea wa jamii ya kuvu na wengine wanaofanana nao, wanaoishi udongoni. Wataalamu wanawaita Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Huyo Pythium inafaa umfahamu, maana tabia yake inaeleza karibu kila nitakachokwambia kuhusu maji. Anazaana kwa chembe ndogo mno zenye mikia, na chembe hizo huogelea. Ili zilifikie shina changa zinahitaji maji yaliyotuama katikati ya punje za udongo. Udongo ukiwa na unyevu bila maji kutuama, njia yao imekatika. Kingine cha kukutia moyo: shina likishafikisha wiki tatu nne likaanza kuwa gumu, vimelea hawa hawaliwezi tena kirahisi. Kwa hiyo vita yenu ni ya muda mfupi sana, tangu mbegu inapochungulia hadi mche unapotoa majani yake halisi, yale yanayofuata baada ya mawili ya kwanza.

Ukungu mweupe juu ya gazeti ni habari nyingine. Gazeti ni mti uliosagwa, na ukungu huo kazi yake ni kula mti uliokufa. Mche ulio hai hauugusi. Mimi haunikoseshi usingizi, lakini nauchukulia kama kengele: ukiuona, ujue vikopo havipati hata saa moja ya kupumua. Na hoja ya mumeo kuhusu wino tumwachie mwenyewe. Wino mweusi wa gazeti la kawaida ni masizi ya kaboni yaliyochanganywa na mafuta, na siku hizi mara nyingi ni mafuta ya soya au ya mimea mingine. Ninayoikwepa ni karatasi ya kung'aa ya majarida na matangazo, kwa kuwa haifyonzi maji na haiozi upesi, mizizi ikifika inagonga ukuta.

Sasa maganda ya mayai. Sitaki kumvunja moyo binti, lakini maganda hupendeza zaidi kwenye picha kuliko kwenye kazi. Ganda moja linabeba vijiko viwili vitatu vya udongo. Udongo mchache namna hiyo ukiumwagilia unakuwa tope, ukiuacha siku moja kwenye jua unakuwa vumbi. Nyanya ndani yake itakuwa imemaliza nafasi kabla hujazoea kuiangalia. Basi mwacheni ayachore nyuso maganda hayo, macho na masharubu, kisha apande mbegu za haradali au nyasi juu yake ziwe nywele. Zikirefuka anazinyoa kwa mkasi. Mtoto anapata furaha yake na nyanya zako zinapata kikopo chenye kina.

Hukusema mnavikunjaje vikopo vyenu, kwa hiyo nitaeleza ninavyofanya mimi. Chukua chupa au gilasi iliyonyooka yenye upana wa sentimita 5 hivi. Gilasi inayopanuka kuelekea juu inasumbua wakati wa kutoa. Kata ukanda wa gazeti wenye upana wa sentimita 13 na urefu wa sentimita 35. Uviringishe kwenye chupa, ukiacha sentimita 4 zipite chini ya kitako. Usikaze sana, maana karatasi itang'ang'ania chupa nawe utaichana ukiivua. Halafu kitako: anza kukunja pale ncha ya ukanda ilipoishia, kwa sababu mkunjo huo wa kwanza ndio unaoibana ncha isifunguke. Kunja upande wa pili, wa tatu na wa nne kuelekea katikati, kila mmoja juu ya mwenzake. Simamisha chupa mezani, iegemee kwa uzito wako wote, izungushe kidogo kulia, kidogo kushoto. Utaisikia karatasi ikikwaruza kisha ikanyamaza. Ikinyamaza, mikunjo imeshikana. Watu wengi huharakisha hapa, na kitako ambacho hakikukandamizwa ndicho kinachofunguka siku ya kuhamisha miche, udongo wote ukabaki kwenye trei.

Gundi msiweke. Mwaka mmoja niliona nifanye umaridadi, nikapaka gundi ya unga wa ngano kwenye vikopo arobaini. Vilisimama kama askari kwenye gwaride. Baada ya siku kumi vyote vilikuwa vimevaa ukungu wa kijani, na panya alikuwa ameonja vile vya pembeni.

Vikopo vikishakuwa tayari, vipange kwenye trei yenye ukingo vikiwa vimebanana, ili kimoja kimshike mwenzake. Kikopo kinachosimama peke yake hupoteza maji kwa pande zote nne na kulegea upesi. Vijaze udongo hadi ukingoni kabisa. Hili linaonekana dogo, lakini ukijaza nusu, mbegu inaotea ndani ya kisima: kuta zinaizibia mwanga na hewa inatuama juu ya udongo uliolowa. Umeshaandaa kinyausi kwa mikono yako.

Udongo wenyewe uwe mwepesi. Mimi huchanganya mboji iliyoiva na kuchekechwa, mchanga wa punje kubwa na udongo tifutifu, karibu kwa vipimo sawa. Samadi mbichi isikaribie. Inaunguza mizizi michanga. Na mbolea nyingi mwanzoni haisaidii kitu, kwani mbegu imekuja na akiba yake ya chakula, na naitrojeni ya ziada itakuongezea urefu uleule unaoulalamikia. Kupima unyevu, finya konzi ya udongo huo: litoke tone moja au mawili, bonge libaki kwenye kiganja, na ukiligusa kwa kidole livunjike. Likitiririsha maji, anika kwanza. Kama mtatumia udongo wa mwaka jana, ule ulioua miche, upashe moto ukiwa na unyevunyevu hadi nyuzi 82 za selsiasi kwa nusu saa, uupoze, ndipo uutumie. Fungueni madirisha, harufu yake haisahauliki.

Mbegu ifukie kwa kina kinachokaribia mara mbili ya unene wake. Saladi ni tofauti: mbegu zake nyingi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zibonyeze tu juu ya udongo usizifunike, au zipitishie vumbi jembamba la mboji.

Sasa nifike kwenye siku ambayo naamini ndiyo inayowagharimu. Mbegu ya nyanya au pilipili ili iote inataka joto, nyuzi 20 hadi 28 hivi, na watu wengi huifunika kwa nailoni ili joto na unyevu visitoke. Ni sawa. Ila siku utakapoona vijishina vya kwanza vimejikunja kama pete vikiinua udongo, mahitaji yanageuka siku hiyohiyo. Mbegu ilitaka joto na unyevu. Mche unataka mwanga, hewa na ubaridi kidogo. Ukisema "ngoja zote ziote kwanza ndipo nifunue", zile za mwanzo zitakuwa zimenyooka sentimita tano kwa siku mbili, na shina lililokwisha kurefuka halirudi nyuma. Funua nailoni, peleka kwenye mwanga mkali kuliko wote ulionao, na kama inawezekana chumba kiwe na nyuzi 16 hadi 18. Zilizochelewa kuota zitajitafutia. Joto jingi pamoja na mwanga mdogo ndiyo mapishi kamili ya mche mrefu usio na nguvu, na ndivyo vyumba vingi vya kukaa vilivyo.

Dirisha linadanganya macho yetu. Kwetu chumba kina mwanga wa kutosha kusoma. Kwa mche, nusu mita kutoka kwenye kioo ni jioni ya kudumu. Tena mwanga wa dirisha unatoka upande mmoja. Charles Darwin na mwanawe Francis mwaka 1880 walieleza majaribio yao ya kuvika vikofia ncha za miche ya nyasi: iliyovikwa ncha haikupinda kufuata mwanga, iliyoachwa wazi ilipinda. Yaani ncha ndiyo inayoona, na sehemu ya chini ndiyo inayotii. Baadaye ilifahamika kuwa kinachobeba ujumbe huo ni homoni iitwayo auksini, ambayo hukusanyika upande wenye kivuli na kuzifanya seli za upande huo zirefuke zaidi. Ndiyo maana mche unainama kuelekea kioo. Hautafuti kukusumbua, unahesabu tu mwanga unatoka wapi.

Dawa yake ni kazi nyingine ya mikono, na hii binti yako ataipenda. Tafuteni boksi la kadibodi linaloingia trei yenu. Kata upande mmoja wote, ule utakaoelekea dirishani, na ukate pia sehemu ya juu. Kuta tatu zilizobaki zipakwe rangi nyeupe au zibandikwe karatasi nyeupe kwa ndani. Foili pia inafaa, upande wowote ule. Weka trei ndani, boksi likigusana na kioo. Mwanga uliokuwa unaipita miche na kwenda kupotea sebuleni sasa unairudia kwa nyuma. Hata hivyo zungusha trei robo mzunguko kila asubuhi. Dirisha liwe lile linalopata jua muda mrefu zaidi: kwa walio kaskazini ya dunia ni la upande wa kusini, kwa walio kusini ni la kaskazini, na kwa walio karibu na ikweta ni la mashariki au la magharibi. Kama hamna dirisha la hivyo, taa nyeupe ya LED ikining'inia sentimita 10 hadi 15 juu ya majani kwa saa 14 hadi 16 kwa siku itawatosha. Usiku izimwe.

Kuna kazi moja zaidi ya mtoto ambayo ukiisikia utadhani ni mzaha. Kila siku apitishe kiganja juu ya miche polepole, mara kumi kwenda na kurudi, kama anayempapasa paka. Mche unaoguswaguswa au kutikiswa na upepo hukua mfupi na mnene zaidi kuliko ule uliotulia kimya ndani ya nyumba. Upepo wa kipepeo alichokitengeneza mwenyewe kwa karatasi hufanya kazi hiyohiyo, na pia hukausha uso wa udongo, jambo ambalo Pythium halipendi hata kidogo.

Sasa maji. Nakisia, dada, naomba usinichukie: mwenye kopo la kumwagilia nyumbani kwenu ni binti. Mtoto aliyepanda mbegu huonyesha upendo kwa kumwagilia, asubuhi, akirudi shule, na kabla ya kulala. Usimnyang'anye kazi, mbadilishie. Mfanye mpima uzito. Siku ya kwanza anyanyue kikopo kilichojaa udongo mkavu kwa mkono mmoja, na kilichonywa maji vizuri kwa mwingine, mpaka mikono yake ikariri tofauti. Baada ya hapo kila asubuhi ananyanyua vikopo vitatu, cha pembeni, cha katikati na kimoja anachokichagua mwenyewe, anatoa hukumu: kizito, au chepesi. Kikiwa kizito hakuna maji leo, hata kama uso wa udongo umepauka. Vikiwa vyepesi, mimina maji yasiyo baridi kwenye trei hadi kina cha sentimita moja hivi, uyaache dakika ishirini karatasi ikinywa kutoka chini, kisha mwaga yote yaliyobaki. Yasilale hapo. Maji yakipanda kutoka chini, shina linabaki kavu pale penye hatari, na mizizi inashuka kuyafuata. Chupa ya kupulizia ifichwe hadi mwakani.

Utasikia watu wanasema nyunyiza mdalasini juu ya udongo. Sikukatazi. Lakini nimeona trei zilizonukia kama duka la viungo zikifa kwa kinyausi vilevile, kwa sababu maji yalikuwa hayajaguswa.

Kikopo cha gazeti kinakaa imara wiki nne hadi sita, na nyanya inakaa ndani ya nyumba wiki sita hadi nane kabla ya kwenda bustanini, pilipili hoho hata kumi. Hesabu haikubali. Kwa hiyo mbegu za nyanya na pilipili zipandwe kwanza pamoja kwenye chombo kimoja kifupi chenye matundu chini, kisha majani halisi ya kwanza yakitokea kila mche uhamishiwe kwenye kikopo chake. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina: jani likichanika litaota jingine, shina likibonyea ndio mwisho. Hapo pia ndipo unapoweza kuiokoa nyanya iliyorefuka. Izamishe mpaka karibu na majani yake ya chini, kwa sababu shina la nyanya likifunikwa udongo hutoa mizizi pande zote. Pilipili haifanyi hivyo kwa bidii, izike kidogo tu. Saladi usiizamishe kabisa, moyo wake ukifunikwa unaoza. Karoti zisiingie kwenye mpango huu wa vikopo hata kidogo, zipandwe moja kwa moja bustanini, maana mzizi uliosumbuliwa hutoka na miguu miwili.

Na nadhani mnaanza mapema mno. Jua la kwanza la machipuko linatamanisha, najua. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ambayo kwenu jalidi huwa imekoma na usiku haushuki chini ya nyuzi 10. Nyanya iliyopandwa wiki mbili baadaye, kwenye mwanga mrefu, mara nyingi huifikia na kuipita ile iliyokaa dirishani ikihangaika.

Kabla ya kwenda bustanini, miche izoeshwe kwa siku saba hadi kumi. Anza na saa moja mbili kivulini pasipo upepo, uongeze kila siku. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi, kwa hiyo majani yaliyokulia ndani hayajawahi kuonja jua lenyewe. Yakitolewa ghafla yanaungua na kuacha mabaka meupe kama karatasi. Vibao vya majina viandikeni kwa penseli. Wino wa kalamu unafifia juani, na katikati ya msimu hutajua ipi ni hoho tamu na ipi ni kali mpaka mtu aitafune.

Siku ya kupanda, lowesha kikopo mpaka karatasi ilegee, chana kitako chake kwa vidole, kisha ukifukie chote. Angalia ukingo wa juu. Ukiacha hata kidole kimoja cha gazeti kimejitokeza juu ya ardhi, jua na upepo vitakikausha, nacho kitafyonza maji kutoka kwenye mizizi kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Uchane ukingo wote, hiyo nayo mwachie binti.